Sahani ya semi kwenye Hilux dabo kebini: kabla ya kununua, shika futi

"Mtaalamu, shikamoo. Nina Hilux dabo kebini ya dizeli, ya mwaka 2017. Nakodisha mahema, viti na jenereta za sherehe. Stoo ipo Tegeta, kazi zinanipeleka Kigamboni, Bagamoyo na mara mojamoja Morogoro. Nimechoka kukodi gari la mizigo kila wikiendi. Fundi wa Gerezani, hapa Dar, anasema atanitengenezea tela la mita 6 kwa upana wa mita 2.2, pua yake ipande juu ya bodi ya pikapu kama semi, na sahani, lile bati la kushikia pua ya tela, aifunge juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Tela na mzigo wake nakadiria tani 2.4. Nimeona video za Marekani wakivuta hivyo na gari limetulia. Wapo wanaotumia sahani ya kawaida, wengine ya kuteleza, wengine gololi, yaani tufe la chuma la kufungia tela. Bodi yangu ni fupi, je ninunue ipi? Fundi anasema hata sahani ya lori iliyotumika itanifaa, tena hiyo haichakai."

Marahaba, ndugu yangu. Nimekuelewa: unataka tela lisiloyumba, lisilokula bampa ya nyuma, na hela usiitupe. Fundi wako hajakosea katika jambo la msingi. Uzito ukikaa juu ya ekseli ya nyuma badala ya kuning'inia mkiani, pikapu hutulia zaidi na tela halichezi mkia kirahisi. Ndiyo maana semi zimeundwa hivyo. Lakini kabla hujachagua aina ya sahani kuna vipimo viwili vinavyoamua kila kitu: sentimita zilizopo kati ya kingpini (pini ya chuma chini ya pua ya tela, inayoingia kwenye sahani) na mgongo wa kebini, na kilo zitakazoikalia pikapu. Kwa gari ulilonalo na tela kama alivyolichora fundi, hakuna hata moja kati ya hizo tatu itakayofaa. Zipo njia mbili zinazofaa, nitakueleza zote na niseme ipi ningeichagua.

Tuanze na sentimita. Simamisha gari mahali tambarare, upime kwa futi kutoka ukuta wa nyuma wa kebini hadi usawa wa katikati ya gurudumu la nyuma. Kama una bomba la urembo nyuma ya kioo, anza kupima kwenye bomba, kwa sababu tela litagonga bomba kabla ya kioo. Kwenye Hilux dabo kebini utapata sentimita 40 hadi 50 tu. Bodi yenyewe ina urefu wa mita moja na nusu hivi, lakini sehemu kubwa ya urefu huo ipo nyuma ya ekseli. Hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya: wanaona bodi ina nafasi, wanasahau kwamba sahani haikai katikati ya bodi. Inakaa juu ya ekseli au sentimita chache mbele yake.

Sasa upande wa tela. Pikapu ikikata kona, tela linazunguka kwenye kingpini, na kona ya mbele ya tela inaanza kusogea kuelekea kebini. Tela la upana wa mita 2.2 lina nusu upana wa mita 1.1. Kama pua imetangulia mbele ya kingpini kwa sentimita 30, umbali kutoka kingpini hadi kona ya pua ni mita 1.14. Ukitaka kuhakikisha, zidisha 1.1 kwa 1.1, jumlisha 0.3 mara 0.3, kisha tafuta kipeo cha pili. Hiyo mita 1.14 ndiyo duara ambalo kona italichora, na ndani ya duara hilo pasiwe na kitu chochote. Wewe una sentimita 45. Tela litagusa kebini kabla halijapinda nyuzi 15, yaani kwenye kona ya kawaida ya mtaa, achilia mbali kurudi nyuma kwenye uwanja wa harusi wenye magari kila upande. Kwanza kinapasuka kioo, kisha zinabonyea nguzo za paa.

Video ulizoziona ni za kweli, ila pikapu zile si kama yako. Bodi wanayoiita fupi kule, kwenye Ford F-250 au Ram 2500, ina futi 6 na nusu hivi, karibu mita 2. Ndefu ina futi 8, yaani mita 2.4. Matela yao yana upana wa mita 2.4 hadi 2.6, kwa hiyo bodi fupi ya kwao inapungukiwa na sentimita chache tu ili kona ipite salama. Sahani ya kuteleza iliundwa kuziba pengo hilo dogo. Inakaa juu ya reli, na inaweza kurudi nyuma kwa sentimita 25 hadi 35 unapotaka kukata kona kali.

Zipo za aina mbili. Ya mkono inakutaka usimame, uvute mpini wa kufuli, ufunge breki za tela, kisha usogeze pikapu mbele polepole mpaka sahani ifike mwisho wa reli na kufuli lijifunge. Hapo unarudi nyuma au kugeuza kwa mwendo wa mguu, na ukimaliza unairudisha juu ya ekseli kabla ya kuingia barabarani. Ukisahau kuirudisha, unaendesha na uzito wote nyuma ya ekseli. Ya kujiendesha inasogea yenyewe kadiri tela linavyopinda, lakini ni nzito, ni ghali, na kingpini lazima ifungwe kwa kabari ili isijizungushe peke yake kwenye sanduku la pua. Bila kabari hiyo, sahani haipati kitu cha kuisukuma. Hata ukinunua iliyo bora kuliko zote, kwako ni sentimita 45 jumlisha 35, unapata 80. Bado unadaiwa zaidi ya sentimita 30.

Najua swali linalofuata: si aifunge tu nyuma zaidi, mita 1.25 kutoka kebini? Inawezekana kuifunga, lakini faida yote uliyoifuata inapotea. Sahani itakuwa sentimita 80 nyuma ya ekseli. Tela la aina hii huibebesha pikapu asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake. Tuchukue asilimia 20, yaani kilo 480 kwa tani zako 2.4. Umbali wa magurudumu ya mbele na nyuma kwenye Hilux ni mita 3.08 hivi. Kilo 480 zikikaa sentimita 80 nyuma ya ekseli zinanyanyua karibu kilo 125 kutoka magurudumu ya mbele, na ekseli ya nyuma inabeba zaidi ya kilo 600. Usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele, ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa, zinapungukiwa na uzito wa kushikia lami. Linganisha na tela la kawaida la kuvuta mkiani, ambalo hubebesha asilimia 10 tu. Kilo 240 zikikaa mita 1.25 nyuma ya ekseli zinanyanyua kilo 97. Kwa hiyo sahani iliyorudishwa nyuma inakuchoshea gari kuliko ndoano ya kawaida ya mkiani.

Upande wa kilo. Hilux dabo kebini hubeba tani moja hivi, ukijumlisha watu wote waliomo. Namba kamili ipo kwenye kitabu cha gari, na ukikikosa muulize wakala kwa kutumia namba ya chasisi. Weka kilo 480 za pua, dereva na vijana wanne kwa kilo 70 kila mmoja ni 350, fremu na sahani ni 80. Umeshafika 910, na bado hujaweka kamba, jeki, mafuta ya jenereta wala spika moja. Kuongeza majani ya springi hakubadilishi hesabu hii. Springi zinainua mkia wa gari ili lionekane limesimama sawa, lakini ekseli, beringi, breki na chasisi vinabaki na uwezo uleule. Pikapu nyingi za dabo kebini zilizopinda chasisi nyuma ya kebini zilikuwa zimeongezwa springi kwanza, kisha zikapakiwa bila hofu.

Kuhusu sahani ya lori: iache. Mdomo wake unashika kingpini ya inchi 2, sawa na ya pikapu, kwa hiyo itaingia na utadhani imekubali. Lakini ina uzito wa zaidi ya kilo 100 peke yake, na nyingi zinayumba mbele na nyuma tu. Sahani ya pikapu inayumba pia kulia na kushoto, kwa sababu chasisi nyembamba haiwezi kuhimili msokoto wa tela zito. Gurudumu moja la tela likipanda tuta na jingine likabaki chini, sahani isiyoyumba pembeni inaupeleka msokoto wote kwenye chasisi yako. Kwenye barabara za vumbi za mitaani utapasua mabano ndani ya miezi michache.

Njia ya kwanza inayofaa, kama moyo wako umeshakaa kwenye tela la kupanda bodini, ni gololi yenye shingo nyembamba. Gololi ya kazi hii ina inchi 2 na 5/16, karibu milimita 59, na inasimama juu ya ekseli. Tela halipandi na pua pana. Linapanda na shingo ya chuma yenye upana wa sentimita 20 au 30, iliyopinda kama ya bata, na jukwaa lenyewe linaanza nyuma ya pikapu. Shingo nyembamba haiwezi kufika kebini, kwa hiyo kikwazo kinahama: sasa kona ya nyuma ya pikapu ndiyo itakayogonga uso wa tela. Kutoka ekseli hadi mwisho wa bampa ni mita 1.25 hivi, na nusu upana wa Hilux ni sentimita 93. Kona hiyo ipo mita 1.56 kutoka kwenye gololi. Ongeza sentimita 20 za usalama, umwambie fundi jukwaa lianze si chini ya mita 1.76 nyuma ya gololi. Shingo ipite juu ya kuta za bodi na mlango wa nyuma kwa sentimita 15 au zaidi, la sivyo tuta la kwanza litakubonyezea mlango. Ukubali pia kwamba hesabu ya kilo ni ileile, na bodi yako haitabeba kingine cha maana.

Njia ya pili ndiyo ningekushauri: tela la kuvuta mkiani, ekseli mbili zilizokaribiana, breki zake lenyewe, na ndoano iliyofungwa kwenye chasisi. Haina mvuto wa video, nakubali. Lakini tani 2.4 si mzigo unaolazimisha sahani. Hilux nyingi za dizeli za kizazi chako zimeandikiwa tani 2.5 hadi 3.5 kwa tela lenye breki, kutegemea injini na soko. Soma yako, usichukue ya jirani. Tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750, na hapo hakuna mjadala. Kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii: tela la mkiani linaweza kutumia breki za kusukumwa, zile ambazo kichwa cha tela kinateleza kidogo pikapu inapopunguza mwendo na kuvuta waya wa breki. Hazihitaji umeme wala kifaa ndani ya kebini, na fundi yeyote anayeelewa waya wa breki ya mkono anaziweza. Tela la shingo kwa kawaida linadai breki za umeme na kidhibiti chake karibu na usukani.

Gololi ya mkiani iwe ya milimita 50, na kichwa cha tela kiwe cha milimita 50. Nalisisitiza hili kwa sababu vifaa vinavyouzwa hapa Dar vinatoka pande nyingi. Ipo gololi ya Kimarekani ya inchi 1 na 7/8, yaani milimita 47.6, ambayo kwa macho huitofautishi. Inaingia vizuri, kufuli linafunga, na kwenye shimo la kwanza tela linaruka. Nenda dukani na kipimo cha venia, kile cha kubana kinachosoma milimita, au soma namba iliyogongwa juu ya gololi. Kama haina namba, usiinunue. Na gololi isikae kwenye bampa ya kukanyagia. Bampa ile haikuundwa kuvuta tani 2.

Mpango wa mzigo ndiyo nusu ya utulivu unaoutafuta. Jenereta likae mbele kidogo ya ekseli za tela, viti na vyuma vya mahema vijazwe kuanzia hapo kuelekea pande zote mbili, vitu vyepesi viende mwisho. Lengo ni kilo 240 kwenye gololi. Zikishuka sana, kwa mfano jenereta likipakiwa nyuma ili lishushwe kwanza, tela litaanza kucheza mkia ukifika kilomita 70 au 80 kwa saa. Likianza kucheza usikanyage breki kwa nguvu wala usijaribu kulinyoosha kwa usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, liache lipoe lenyewe, kisha simama upange mzigo upya.

Kupima kilo za gololi hakuhitaji kifaa maalumu. Nenda kwenye mizani ya magari ya kulipia, pima pikapu peke yake ikiwa na watu wake, kisha ifunge kwenye tela lililopakiwa na uipandishe pikapu tu, magurudumu ya tela yabaki nje ya mizani. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo uzito wa gololi. Pandisha na magurudumu ya tela, utajua jumla. Fanya hivyo kabla ya safari ya Morogoro, maana mizani ya Vigwaza ipo njiani, na si mahali pa kujifunzia kwamba umezidisha.

Iwe gololi ya bodini au ndoano ya mkiani, ufungaji ni bolti kwenye chasisi. Bati la bodi halibebi kitu. Kazi yake ni kupitisha bolti tu. Fundi asichomelee kwenye chasisi, hata kidogo. Moto wa kuchomelea unabadilisha ugumu wa chuma pembeni ya mshono, na ufa unaanzia hapo hapo baada ya miezi. Mabano yatengenezwe nje, yafungwe kwenye matundu ambayo chasisi tayari inayo, kwa bolti zilizoandikwa 8.8 au 10.9 kichwani na nati za kujifunga. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, zikazwe tena zote. Minyororo ya usalama iwe miwili, ipishane chini ya ulimi wa tela ili ulimi ukichomoka uangukie juu yake badala ya kuchimba lami. Waya wa kufunga breki tela likichomoka ushikizwe kwenye chasisi, si kwenye mnyororo wala kwenye gololi.

Kwa Kigamboni, jihadhari na kivuko cha Magogoni maji yakiwa yamekupwa. Mteremko unakuwa mkali, na ulimi wa tela la mkiani unaweza kukwaruza. Ukiwa na mzigo pita Daraja la Nyerere.

Siku ukihamia singo kebini, hesabu zinabadilika. Bodi yake ina mita 2.3 hivi na ekseli ipo zaidi ya mita moja kutoka kebini. Tela la upana wa mita 1.8, lenye pua isiyotangulia mbele ya kingpini kwa zaidi ya sentimita 30, linaweza kupita salama na sahani ya kawaida isiyoteleza. Ukifika huko, jifunze kosa moja linaloua: mdomo wa sahani kufunga huku kingpini imekaa juu yake badala ya kuingia ndani. Ukisikia mlio wa kufunga usiamini. Washa tochi, hakikisha hakuna mwanga unaopita kati ya sahani na bati la tela, funga breki za tela, kisha vuta polepole kwa gia ya kwanza kabla hujapandisha miguu ya tela.

Kuna mambo ambayo sitakumalizia kwa maandishi. Kabla fundi hajatoboa chochote, chasisi ya gari la 2017 lililobeba mizigo inahitaji macho ya mtu aliyelala chini yake na taa. Tazama mwanya kati ya kebini na bodi: kama juu ni mpana kuliko chini, au kinyume chake, chasisi imeshaanza kupinda na gari hilo halifai kuvuta mpaka lipimwe. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kina kituo cha ukaguzi wa magari. Tela litasajiliwa TRA na kupata namba yake. Muulize askari wa usalama barabarani kama daraja la leseni yako linaruhusu, na kampuni yako ya bima uiandikie kwamba gari sasa linavuta tela, upate jibu lao kwa maandishi kabla ya kazi ya kwanza. Na ukihisi usukani umekuwa mwepesi mara tu unapopakia, au tairi za nyuma zinakula upande mmoja, au ukaona rangi imepasuka kwenye chasisi karibu na mabano, shusha mzigo hapohapo ulipo na umwite fundi alifuate gari, usilipeleke kwake na tela likiwa nyuma.